Nimetoboa chuma, hadubini ya elektroni inanionyesha madoa: niandaeje sampuli?

"Shikamoo mtaalamu. Nasoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa mitambo. Nimetoboa matundu ya milimita 8 kwenye bamba la chuma cha C45 (chuma chenye kaboni ya kiasi cha kati) lenye unene wa milimita 12, mengine kwa keekee ya HSS (chuma cha kukatia kwa kasi) na mengine kwa keekee ya kabaidi (mchanganyiko mgumu wa volframu na kaboni), baadhi kwa kipozeo na baadhi makavu. Nataka kuona kwa hadubini ya elektroni ukuta wa tundu umeharibika kiasi gani, na kama kuna lile tabaka jeupe linalotajwa vitabuni. Sampuli ya kwanza niliikata katikati kwa grenda, nikaifuta kwa petroli na kitambaa, nikapeleka maabara. Picha zilitoka na madoa meusi na nyuzi zinazong'aa, na kila nilipokuza sehemu kwa muda panabaki mstatili mweusi. Fundi wa mashine alikataa kuendelea, akasema nitamchafulia mashine. Rafiki yangu mmoja ananiambia nipake dhahabu, mwingine anasema nisugue ukuta kwa msasa mpaka ung'ae. Nimebakiwa na matundu manne tu, moja kwa kila hali, na bamba limekwisha. Nifanye nini?"

Marahaba, ndugu yangu. Kabla ya yote, yaweke hayo matundu manne mahali pakavu, uyafunike, na usiyakate wala kuyafuta mpaka umalize kusoma. Naelewa kinachokukosesha usingizi: una nafasi moja kwa kila hali, na ukiharibu moja, jedwali lako lote linabaki na pengo. Lakini manne yanatosha. Tundu moja likipasuliwa kwa utaratibu linatoa nusu mbili, na nusu hizo zinaweza kujibu maswali mawili ambayo nadhani umekuwa ukiyachukulia kama swali moja.

Tuanze na picha ulizopata, maana zinaeleza mengi. Madoa meusi ni mafuta. Petroli ya kituoni ina viambato vizito vinavyobaki juu ya chuma sehemu nyepesi ikishakauka, kwa hiyo uliyalegeza mafuta ya kukatia ukayasambaza yakawa utando mwembamba ukuta mzima. Utando huo ni kaboni na haidrojeni, na elementi nyepesi hurudisha elektroni chache kuliko chuma, ndiyo maana unaonekana mweusi. Nyuzi zinazong'aa ni pamba ya kitambaa chako. Pamba haipitishi umeme. Elektroni zinajazana juu yake bila njia ya kutoka, nayo inawaka kwenye picha na kuvuruga kila kilicho karibu.

Mstatili mweusi ndio uliomtisha fundi. Molekuli za mafuta hutambaa juu ya uso wa sampuli, na mwale wa elektroni unapopita juu yake unazivunja, kaboni inabaki imeganda palepale. Kwa kuwa mwale unapita kwenye eneo la mstatili, kaboni nayo inaganda kwa umbo la mstatili. Ukipunguza ukuzaji unaona alama ya mahali ulipokuwa ukitazama. Sasa fikiria mafuta hayohayo ndani ya chumba chenye ombwe, ambamo shinikizo liko karibu na paskali 0.001 wakati hewa tunayovuta ina paskali 100,000. Mafuta yanageuka mvuke, yanatulia kwenye vitundu vya kupitishia mwale, kwenye vipokezi, na kwenye sampuli ya mtu atakayekuja kesho. Fundi alikuwa sahihi. Rudi kwake, umwambie umeelewa sababu na unakuja na sampuli iliyoandaliwa upya. Utamhitaji sana.

Grenda ni tatizo la pili, na pengine ndilo kubwa zaidi kwa utafiti wako. Tazama kingo za sampuli ile ya kwanza kwenye mwanga wa dirishani. Ukiona rangi ya majani makavu ikigeuka kahawia, kisha zambarau, kisha bluu, huo ni utando wa oksidi uliojengeka chuma kilipopata joto la kati ya nyuzi 220 na 300 hivi, na pale diski ilipogusa joto lilikuwa juu zaidi. Wewe unatafuta athari ya joto la keekee. Ukikata kwa kifaa kinachowasha chuma, unaandika joto jipya juu ya lile la zamani, na hakuna hadubini duniani itakayokutenganishia hayo mawili. Diski pia inarusha chembe za alumina na vumbi la chuma moja kwa moja ndani ya tundu lililofunguka. Ukija kupima elementi ukutani ukakuta alumini, utaanza kutafuta ilikotoka, kumbe ni diski.

Kuhusu dhahabu: kwa ukuta wa tundu, usipake. Dhahabu hupakwa juu ya vitu visivyopitisha umeme ili elektroni zipate njia ya kuondoka. C45 inapitisha umeme yenyewe, mradi imegusana vizuri na kishikio kwa utepe wa kaboni au rangi yenye fedha. Ukipaka dhahabu juu ya mafuta, mafuta yanabaki palepale chini yake na yanaendelea kutoa mvuke. Tena utajifungia mlango mwingine. Ukipima elementi kwa eksirei, mstari wa dhahabu unakaa kwenye kiloelektronivolti 2.12, katikati ya fosforasi iliyoko 2.01 na salfa iliyoko 2.31. Chuma chako kina vijipande vya manganizi salfaidi, na keekee huviburuta vikawa virefu ukutani. Itakuwa hasara kuvifunika. Dhahabu au kaboni vina nafasi yake baadaye, sampuli ikishazamishwa kwenye resini (gundi inayoganda na kuishika), maana resini haipitishi umeme. Hapo nakushauri kaboni.

Rafiki wa msasa amechanganya maandalizi mawili. Kung'arisha chuma na kukichovya kwenye asidi hafifu ili muundo wa ndani ujitokeze ni kazi ya heshima. Mwanasayansi Mwingereza Henry Clifton Sorby aliifanya Sheffield mwaka 1863 na 1864, na mpaka leo tunafuata njia yake. Lakini kinachong'arishwa ni uso wa mkato, yaani chuma kilichopasuliwa ili tuone kilichomo ndani. Ukuta wa tundu ni ushahidi. Mistari ya keekee, chuma kilichopakazwa, vijipande vilivyoganda, yote yako kwenye mikromita chache za juu kabisa. Msasa ukipita mara moja tu, ushahidi umeondoka na umebaki na picha ya msasa.

Kwa hiyo jiulize kwanza: unataka kuona uso wa ukuta, au unataka kuona kilicho chini ya uso huo? Swali la kwanza linataka sampuli safi isiyoguswa. La pili linataka sampuli iliyokatwa, ikazamishwa, ikasagwa na kung'arishwa. Maandalizi ya moja huangamiza jingine, na hapo ndipo watafiti wengi wanapopoteza sampuli. Wewe unataka yote mawili, na kila hali ina tundu moja. Ndiyo maana utapasua kila tundu katika nusu mbili kwa mhimili wake: nusu moja kwa ajili ya uso, nyingine kwa ajili ya mkato.

Huenda ukauliza kwa nini usitazame ukuta bila kukata, kwa kuinamisha sampuli. Tundu la kipenyo cha milimita 8 na kina cha 12 ni kisima kwa elektroni. Zile za sekondari, zenye nguvu chini ya elektronivolti 50, huvutwa na kipokezi chenye chaji chanya, na chache hufanikiwa kupanda zikatoka. Zile zinazorudi kwa nguvu husafiri kwa mstari ulionyooka, hugonga ukuta wa pili na kuishia humo. Utaona mdomo wa tundu na sehemu ya juu kwa mshazari, na chini giza. Kama unahitaji mdomo tu, ule mkunjo wa chuma uliosukumwa nje keekee ilipotokea upande wa pili, basi tazama hivyo kabla ya kukata chochote. Usiuache, maana ukishapasua hautarudi.

Kabla ya kupasua, weka alama ndogo nje ya kipande kuonyesha keekee iliingilia wapi na ikatokea wapi. Joto na uchakavu hubadilika kuelekea chini, na bila alama hutajua juu ni wapi. Kisha osha. Kama ulitumia kipozeo cha kuchanganya na maji, anza na maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa sababu asetoni haiondoi vizuri chumvi na viambato vya kipozeo hicho. Suuza kwa maji safi, halafu haraka ingiza kwenye spiriti kuondoa maji. Nasema haraka kwa sababu C45 haina kinga dhidi ya kutu, na kwenye hewa ya Dar es Salaam au Mombasa ukiiacha na unyevu jioni, asubuhi utapiga picha za kutu.

Baada ya hapo, asetoni safi kwenye bika ya kioo, bika ikae ndani ya maji ya beseni la mawimbi ya sauti (kifaa kinachoosha kwa mtikisiko wa sauti) kwa dakika tano hadi kumi. Usimimine asetoni moja kwa moja kwenye beseni. Inashika moto kwa urahisi na mvuke wake unatambaa mbali. Mwaga asetoni ya kwanza, weka mpya, rudia. Malizia kwa ethanoli au isopropanoli, kwa sababu asetoni ikikaukia juu ya sampuli huacha utando wa kile ilichoyeyusha. Kausha kwa hewa safi ya vuguvugu. Kuanzia hapo shika kwa koleo, kamwe si kwa vidole. Alama ya kidole ni mafuta yaleyale tuliyokuwa tukiyafukuza. Hifadhi kwenye chombo kilichofungwa pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, ukishavikausha kwenye oveni ndogo.

Kuna tahadhari moja kuhusu mawimbi ya sauti. Yana nguvu ya kubandua kipande cha chuma kilichoshikilia kidogo tu ukutani, na kipande hicho kinaweza kuwa ndicho unachokitafuta. Piga picha kwa hadubini ya kawaida ya ukuzaji mdogo kabla na baada ya kuosha, hata kama ni kupitia mdomo wa tundu, ili ujue kilichoondoka.

Sasa kupasua. Njia ninayoipenda kwa chuma hiki ni kukivunja kikiwa na baridi kali. Kwa msumeno wa mkono, taratibu, huku ukidondosha maji, kata mfereji kutoka nje ya kipande kuelekea tundu, upande wa kushoto na upande wa kulia, ukiacha kama milimita moja kabla ya kufika ukutani. Ziba midomo ya tundu kwa utepe wakati wa kukata ili chenga zisiingie. Kisha osha tena, ondoa utepe pamoja na gundi yake, zamisha kipande kwenye naitrojeni kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri mpaka mchemko utulie, kitoe, kibane kwenye jiliwa na ugonge patasi kwenye mfereji mara moja. C45 ikiwa kwenye baridi hiyo huvunjika ghafla badala ya kupinda, na msumeno unakuwa haujagusa ukuta hata kidogo. Usijaribu hivyo kwa alumini au kwa chuma cha pua cha aina ya 304. Hivyo havigeuki kuwa vya kuvunjika hata kwenye baridi hiyo.

Naitrojeni kimiminika isikutishe kuipata. Wataalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe hutunza mbegu ndani yake, kwa hiyo ulizia chuo cha kilimo au ofisi ya mifugo kabla hujaagiza mbali. Itumie mahali penye hewa ya kutosha, vaa miwani, na usiifungie kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana, italipuka. Ukiikosa kabisa, endelea na msumeno hadi ubaki utando mwembamba, kisha kunja mpaka ukatike. Chuma kitapinda kidogo pale pa mwisho, lakini madhara yatabaki karibu na mstari wa mpasuko. Kwa vyovyote, eneo la kutazama ni katikati ya nusu, mbali kabisa na mipasuko yote miwili.

Nusu ya kwanza inakwenda hadubini bila kung'arishwa na bila kupakwa kitu. Kabla ya hapo ijaribu usumaku: sogeza pini nyepesi ya karatasi. Ikivutwa na kushikilia, sampuli imebeba sumaku, pengine kutoka kwenye meza ya sumaku ya karakana. Sumaku hiyo inapinda mwale, na picha haitakaa kwenye fokasi hata urekebishe vipi. Karakana nyingi zina koili ya mkondo geu ya kuondolea sumaku kwenye vifaa. Pitisha sampuli na uivute polepole. Hakikisha pia hakuna hata chenga moja ya chuma iliyolegea, kwa sababu lenzi ya hadubini yenyewe ni sumaku, na chenga iliyoruka ikanasa kwenye lenzi ni siku nzima ya fundi kufungua mashine.

Kwenye mashine, anza na kilovolti 20 kama ni kutafuta mahali, halafu shuka hadi 5 kwa picha za uso. Sababu yake ni kina. Kwenye chuma, elektroni za kilovolti 20 huzama kama mikromita 1.6, wakati za kilovolti 5 huzama takriban 0.16. Chuma kilichopakazwa ukutani kinaweza kuwa chembamba kuliko hiyo ya kwanza, na kwa kilovolti 20 utakipenya bila kukiona. Kwa matundu ya kabaidi, tumia pia picha ya elektroni zinazorudi kwa nguvu: volframu ina namba atomia 74 na chuma 26, kwa hiyo kipande kilichomeguka kutoka kwenye keekee kitang'aa kama nukta nyeupe, na oksidi zitaonekana nyeusi.

Nusu ya pili ndiyo itakayojibu suala la tabaka jeupe, na hapa nataka uelewe kwanza linatokeaje. Kukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 727 hivi kwenye ngozi ya ukuta, chuma hugeuka kuwa ostenaiti (umbo lake la joto kali), na mara keekee inapopita, chuma baridi kilicho nyuma yake kinanyonya joto hilo kwa ghafla, ngozi inakuwa martensaiti (umbo la chuma kilichopoozwa ghafla) yenye chembe ndogo mno na ngumu sana. Msukumo mkali wa kimakanika nao unaweza kusaga chembe hadi matokeo yafanane na hayo. Linaitwa jeupe kwa sababu asidi hailili kwa urahisi, hivyo kwenye hadubini ya mwanga linarudisha mwanga wote. Kwenye hadubini ya elektroni usitafute weupe. Tafuta ukanda wa kijivu usio na michoro, pembeni ya chuma chenye ile mistari ya pelaiti, muundo wa kawaida wa chuma hiki. HSS huanza kulainika ikifika karibu nyuzi 600, kwa hiyo ningetarajia tabaka hilo zaidi kwenye tundu kavu la kabaidi, hasa kama keekee ilikuwa imechakaa. Ila hayo ni matarajio. Mkato ndio utakaoamua.

Ukanda huo unaweza kuwa wa mikromita chache tu, na upo ukingoni kabisa. Ukisaga sampuli isiyo na kitu cha kuushikilia, ukingo unaviringika na mikromita zilezile ulizozitafuta ndizo za kwanza kupotea. Kwa hiyo ukuta upakwe nikeli kabla ya kukatwa. Nikeli ya kemikali, isiyohitaji umeme, hufuata umbo la ndani vizuri. Bafu yake hufanya kazi kwenye nyuzi 85 hadi 90, joto ambalo halibadilishi muundo unaoutafuta, na kwa saa moja hujenga mikromita 10 hadi 20 hivi. Nikeli inakupa faida ya pili: mvurugiko wowote ulio kati ya nikeli na chuma ulikuwepo kabla hujakata. Ila na nikeli yenyewe huonekana nyeupe na safi kwenye hadubini ya mwanga. Usije ukaipima ukaiita tabaka jeupe. Pima elementi, itajitaja.

Mkato uelekee wapi? Watu wengi hukata kwa urefu wa tundu kwa sababu linapendeza. Hebu fanya hesabu. Keekee ya milimita 8 ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, ncha yake ya nje inakwenda mita 25 kwa dakika kuzunguka ukuta, na ikisonga milimita 0.15 kila mzunguko, inashuka mita 0.15 tu kwa dakika hiyohiyo. Chuma kinaburutwa karibu chote kwa mzunguko. Chembe zilizopinda zitaonekana vizuri kwenye mkato unaokatiza mhimili, ule unaoonyesha tundu kama upinde. Fanya huo uwe mkato wako mkuu, kama milimita tatu kutoka upande wa kutokea.

Ukitaka pia mkato wa urefu ili kuona mabadiliko kutoka juu hadi chini, jihadhari na upana. Mkato usiopita katikati hulikuza tabaka, kama ndizi iliyokatwa mshazari inavyotoa kipande kipana kuliko ndizi yenyewe. Pima kwa kalipa upana wa uwazi wa tundu kwenye uso uliosagwa. Ukisoma milimita 7.75, umekosa katikati kwa milimita 1 na unene unaopima umezidi kwa asilimia 3, hilo si tatizo. Ukisoma 6.93, umekosa kwa milimita 2 na umezidi kwa asilimia 15. Kurekebisha ni rahisi: zidisha unene uliousoma kwa upana huo, kisha gawanya kwa 8.

Kwa kuzamisha, chagua epoksi ya baridi inayokauka polepole, siyo ile ya kukandamizwa kwa joto la nyuzi 150 hadi 180. Martensaiti mpya huanza kubadilika kwenye joto hilo, na wewe hiyo ndiyo unayoitafuta. Iache epoksi ikomae kabisa, maana isiyokomaa hutoa mvuke kwenye ombwe na fundi atakurudisha tena.

Kusaga ni pale subira inapolipa. Mwanakemia George Beilby, mwanzoni mwa karne ya 20, aliamini kuwa kung'arisha huutandaza uso wa metali ukawa kama kioo. Leonard Samuels wa Australia, katika miaka ya 1950, alionyesha kuwa sivyo: kila punje ya msasa ni kijipatasi, inakata na kuvuruga, na mvurugiko chini ya mkwaruzo unakwenda ndani zaidi kuliko mkwaruzo wenyewe. Kwa hiyo msasa wa P240, 400, 800 na 1200, wote kwa maji, kila unapobadilisha zungusha sampuli robo duara, na mikwaruzo ya awali ikishapotea, endelea tena kwa muda uleule. Osha vizuri kati ya hatua. Kisha almasi ya mikromita 3 na ya 1 kwenye kitambaa kigumu. Kitambaa laini kwa muda mrefu kitaviringisha ukingo hata kama una nikeli.

Itazame kwanza bila asidi. Baada ya hapo nitali ya asilimia 2: mililita 2 za asidi ya naitriki zikimiminwa kwenye mililita 98 za ethanoli, asidi ndani ya spiriti na siyo kinyume chake. Sekunde tano hadi kumi zinatosha, suuza kwa ethanoli, kausha. Tengeneza kidogo ya siku hiyo na usiihifadhi kwenye chupa iliyofungwa, inajenga gesi. Sasa ndipo kaboni ipakwe juu ya resini, au uweke utepe wa kaboni kutoka kwenye chuma hadi kwenye kishikio.

Ile sampuli uliyoikata kwa grenda usiitupe. Sehemu yake iliyo mbali na tundu na mbali na mkato, iandae kwa hatua hizihizi zote: nikeli, epoksi, msasa, asidi. Ukikuta chembe zilizopinda hapo, ambapo keekee haikufika, ujue ni mkono wako, na urekebishe kabla hujagusa tundu hata moja kati ya manne. Ifanyie pia majaribio ya kuvunja kwa baridi. Picha zake za mwanzo zisiingie kwenye matokeo ya tasnifu.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi, unahitaji mtu pembeni yako. Nikeli na nitali kwa mara ya kwanza zifanye na mtaalamu wa maabara ya metali, kwenye kabati la kuvutia mvuke. Ukikuta ukanda unaoushuku, msimamizi wako akutafutie kipimo cha ugumu cha mzigo mdogo: C45 ya kawaida iko karibu na HV 200 (HV ni kipimo cha ugumu cha Vickers), na tabaka la kweli linaweza kuvuka HV 700. Ukanda ukiwa mwembamba kuliko mikromita mbili tatu, alama ya kipimo itakuwa kubwa kuliko ukanda, na hapo ni suala la kushirikiana na maabara yenye vifaa vya kukata kwa mwale wa ioni. Na siku ukihamia kwenye titani, usichanganye asidi ya kuichovya peke yako hata tone moja. Ina asidi ya haidrofloriki, inayopenya ngozi mpaka kwenye mfupa bila kuuma mapema, na jeli ya kalisiamu glukoneti lazima iwepo mezani kabla chupa haijafunguliwa.

Unapomrudia fundi, nenda kwanza mikono mitupu. Muulize kishikio kinabeba sampuli ya urefu gani, kama mashine yake ina hali ya ombwe hafifu, na kama lenzi yake inaruhusu vyuma vya sumaku, maana nyingine haziruhusu kabisa. Mpelekee picha za hadubini ya kawaida zikionyesha nusu zilizosafishwa. Akikupa saa moja tu, tumia nusu ya uso ya tundu kavu la kabaidi na nusu ya uso ya tundu la kabaidi lenye kipozeo, zikiwa zimebandikwa kwenye kishikio kimoja, ukuzaji uleule, kilovolti zilezile.